Ratiba Inayofungua Mikoba

Kamati nyingi zikikaa kuandaa usiku wa burudani wa kuchangia jambo la kheri, kikao cha kwanza chote huishia kwenye bei ya tiketi. Elfu tano au elfu kumi? Viti vya mbele je? Wanazidisha idadi ya viti kwa bei, wanapata jumla ya kupendeza, wanaagiza chai. Ila tiketi, kwa kawaida, hulipia ukumbi, muziki, mafuta ya jenereta na nauli za wasanii. Ikibaki akiba, mshukuruni Mungu. Fedha ya kheri yenyewe hutoka ndani ya ukumbi, watu wakiwa wameshakaa, wameshacheka, na jirani zao wanawaona. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kamati ni ratiba.

Tuseme mpo Mbagala, na shule ya msingi ya mtaani kwenu ina uhaba wa vyoo vya wasichana. Litajeni jambo kama lilivyo: matundu manane, fundi ameshapima, gharama ya tundu moja hii hapa. Tangazo la "kuchangia elimu" halimtoi mtu elfu ishirini. Bei ya tundu ikijulikana, ndugu watatu wanaweza kunong'onezana na kusema hili tunalibeba sisi.

Tarehe iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. Januari iacheni, ada na sare za shule zimeshakomba kila kitu. Ramadhani na Kwaresima msiziguse. Na kabla ya kuchapisha kadi, tazameni ratiba ya ligi: siku Simba na Yanga wanapokutana, hata mweka hazina wenu hatakuwepo.

Vibali visiachwe hadi wiki ya mwisho. Anzeni serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa wilaya, ambaye atawaeleza kinachotakiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na polisi wapewe taarifa kwa barua. Ulizeni pia saa ya mwisho ya kupiga muziki hapo mtaani, maana siku hizi kelele za usiku zinafuatiliwa. Kuna watakaopendekeza bahati nasibu ya kuchezesha namba. Mimi nisingeigusa. Kisheria ni mchezo wa kubahatisha, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo yenye mamlaka nao. Isitoshe, Dar na pwani yote kwa ujumla, sehemu kubwa ya ukumbi itaiona ni kamari na itakunja mikono. Mnada unaleta msisimko uleule bila fitina.

Sasa burudani. Mseto si jambo geni kwetu. Waliokulia Dar es Salaam miaka ya 1990 wanakumbuka maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, ambako kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, maigizo, kichekesho na taarab. Bibi alipata chake, mjukuu chake, na shemeji aliyekuja kwa ajili ya mipasho tu alijikuta anashangilia vijana wanaobebana mabegani. Chukueni hekima hiyo, ila fupisheni. Kila kundi lipewe dakika saba hadi kumi, na taarab peke yake ipewe zaidi, kwa sababu nitakayoieleza.

Milango ifunguliwe saa 11 jioni, na mama lishe waanze kuuza sambusa, kachori na mishikaki hapohapo nje, kwa makubaliano ya mgawo. Watu watakula, watasali Magharibi, na saa 1 usiku mnaanza kweli. Fungueni na watoto wa shule yenyewe, kwa kuwa kila mtoto jukwaani amekuja na mama, shangazi na pengine bibi, na wote hao wamekata tiketi. Badala ya hotuba ya mwalimu mkuu kuhusu vyoo, watoto waghani ngonjera: upande mmoja unasema shule ipo vizuri tu, upande wa pili unaujibu kwa kueleza foleni ya mapumziko na wasichana wanaobaki nyumbani siku fulani za mwezi. Dakika saba, na ukumbi mzima umeelewa shida. Baada yao wekeni sarakasi, lakini kwanza mtu aende na futi akapime dari na nafasi ya sakafu. Kisha ngoma, na mapumziko mafupi saa 2 kwa wanaosali Isha.

Bendi yenye vyombo vingi ipange vyombo vyake nyuma ya jukwaa tangu alasiri, na wengine wote watumbuize mbele yake. Mkiisubiri ipange kinanda, magitaa na vipaza sauti katikati ya shughuli, mtapoteza nusu saa, na watu wenye watoto wakishainuka hawarudi. Mchekeshaji mpangieni nafasi fupifupi za kuziba mapengo. Yeye anahitaji kipaza sauti kimoja tu na mahali pa kusimama.

Taarab iwe mwishoni kwa sababu ya kutunza. Wimbo ukikolea, akina mama huinuka mmoja mmoja, wanakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, noti juu, na kila mmoja anaona nani katoa na katoa mara ngapi. Hapo pana fedha nyingi, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwani kwa desturi tuzo ni ya msanii. Kaeni na kiongozi wa kikundi wiki mbili kabla na muandikiane: tuzo zote za usiku huo ziende kwenye vyoo na kikundi kilipwe kiasi kinachojulikana, au zigawanywe nusu kwa nusu. Mwimbaji mwenyewe aambiwe, asije akasikia kwa MC mbele ya watu. Chini ya jukwaa wekeni beseni kubwa linaloonekana, na wanawake wawili wanaoaminika mtaani wa kulisimamia. Pembeni pawe na meza ya chenji. Mwenye noti ya elfu kumi akipewa noti kumi za elfu moja ataondoka kitini mara nyingi, na mara nyingi ataongeza. Asiye na taslimu abandikiwe lipa namba ukutani kwa maandishi makubwa, na jina litakalotokea kwenye simu liwe la shule au la kamati. Namba ya mtu binafsi inatia watu shaka, hata akiwa malaika.

Mnada ukae kati ya ngoma na taarab, ukumbi ukiwa umechangamka ila haujachoka. Vitu vitatu au vinne vinatosha: keki, jogoo, doti ya khanga, mkeka wa Mafia au wa Pemba uliosukwa vizuri. Jogoo anauzwa, mnunuzi anamrudisha mezani, anauzwa tena. MC mwenye ulimi anaweza kumuuza mara nne. Kinachozidi vyote hivyo, na hakina gharama, ni kumnadi mtu. "Elfu kumi, mwenyekiti wa mtaa acheze!" Mke wake anatoa kumi na tano akae. Vijana wa bodaboda wanachanga ishirini asimame. Ikifika arobaini mwenyekiti yupo katikati ya ukumbi, kavua koti, na watu wanarekodi. Mwambieni mapema, na mchagueni anayejua kutaniwa. Mtu mwenye hasira za karibu huharibu usiku wote.

Mgeni rasmi ana kazi moja, nayo ni kutoa wa kwanza. Kenya, ambako harambee imezoeleka tangu enzi za Jomo Kenyatta, mheshimiwa huja na bahasha yake na za marafiki zake, na kila mtu anajua mazungumzo yalishafanyika. Ninyi pia zungumzeni naye. Mwombeni kiasi chake kiwe cha kuheshimika ila si cha kuwakatisha tamaa wengine. Akitaja milioni mbili, mwenye elfu tano anaona haya kusimama. Akitaja tundu moja la choo na kuomba waliopo wamuunge mkono kwa la pili, hata elfu tano inapata heshima yake. Hotuba isizidi dakika tano, na iwe kabla tu ya mnada. Akichelewa, shughuli iendelee.

Ahadi ziandikwe papo hapo: jina, namba ya simu, kiasi, tarehe ya kulipa. MC anapotangaza jumla, ataje taslimu peke yake na ahadi peke yake. Kuchanganya hesabu hizo mbili kunaleta shangwe usiku ule, na maneno mwezi mzima unaofuata.

Fundi mitambo alipwe vizuri kuliko mlivyopanga, na awepo mpaka mwisho. Luku ijazwe mchana, na jenereta lijaribiwe likiwa na mzigo wa spika zote, kwani kuna yanayowaka vizuri hadi unapounganisha muziki.

Saa 4 mkifunga, fedha zihesabiwe hapohapo na watu watatu, mmoja wao akiwa mwalimu au mzazi asiye wa kamati. Watie saini kwenye karatasi moja, na karatasi ipigwe picha kabla ya beseni kuondoka ukumbini. Wasanii wapewe nauli kabla ya kupanda gari. Jumatatu fedha ziende benki, risiti iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi pamoja na orodha ya matumizi, hata yale ya maji ya kunywa. Simu za ahadi zianze Jumanne, na zipigwe na mtu mpole, maana wiki ya pili mwenye ahadi bado anakumbuka alivyocheka, na mwezi wa pili anaona mnamdai.