Mlembe na Mrina Asali: Somo la Porini kwa Msafiri

Msafiri aendaye katika nchi za barafu za Aktiki hana budi kujifunza kwa Wainuiti namna ya kuisoma theluji. Mfano wa jambo hilo tunao karibu na kwetu. Ukitoka Binza ukaelekea kusini-mashariki, ukapita Meatu, utafika katika bonde la Ziwa Eyasi, nchi ya Wahadzabe. Wageni wengi huenda huko kufuatana na wawindaji alfajiri. Wengi hutazama pinde na mishale tu. Mwanafunzi wa sayansi na atazame pia ndege.

Ndege huyo ni mlembe. Yeye hujua penye nyuki, lakini hawezi kupasua mti wala kuwatuliza nyuki. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Basi Mhadzabe hupiga mluzi. Mlembe huitika, kisha huruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mrinaji hupigilia vigingi katika shina la mbuyu, hupanda na kijinga cha moto chenye moshi, akatoa masega. Mtu hupata asali. Ndege hula nta, chakula ambacho wanyama wachache huweza kukisaga tumboni.

Je, jambo hili limepimwa? Naam. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya, pamoja na mwenzake Reyer, walieleza kwamba Waborana walipotafuta nyuki bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9, walipoongozwa, saa 3.2. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba milembe wa vilima vya Kidero, karibu na Eyasi, huitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji. Huko Msumbiji mambo ni kinyume: ndege hupendelea wito wa Wayao.

Mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, wala halelewi na wazazi wake. Kwa hiyo hakufundishwa nao maana ya mluzi. Yaelekea huijifunza kwa kuishi jirani na warinaji.

Hapa ndipo penye hatari. Vijana wakiacha kurina, na misitu ikikatwa, mluzi utanyamaza, na ndege nao hawatakuwa na sababu ya kuuitikia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati za kimila za ardhi yao. Hati hizo zinalinda miti, na pamoja na miti, elimu hii.

Maswali

1. Mlembe na mtu hufaidiana vipi? Taja uhusiano mwingine wa namna hiyo.
2. Kokotoa ni asilimia ngapi ya muda Waborana waliokoa kwa kuongozwa na ndege.
3. Waulize wazee wa kijijini kwenu: walimwitaje mlembe, na je, bado huonekana?