Wenzi wa Kazi Moja

Ndugu wasomaji, fungueni Matendo ya Mitume mlango wa 18, mkasome tokea mwanzo. Paulo aliingia Korintho ametoka Athene, mgeni asiye na mwenyeji. Humo alimkuta Akila na Prisila mkewe, nao walikuwa wageni vilevile, kwa kuwa yapata mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi watoke Rumi. Kazi yao ilikuwa kushona mahema, na kazi ya Paulo ilikuwa iyo hiyo.

Hapo yatupasa kukawia kidogo. Mafundi wawili wa kazi moja katika mji mmoja hugombea wanunuzi. Na kwetu pia fundi huficha ujuzi wake, mwenziwe asije akampunguzia riziki. Tena Akila alikuwa amekwisha kupoteza makao yake huko Rumi. Nani angalimlaumu kama angalifunga mlango? Lakini alimkaribisha Paulo nyumbani mwake, wakafanya kazi pamoja. Wala Paulo hakuja kula bure, alishika sindano. Alikaa mjini mwaka mmoja na miezi sita, na katika muda huo mafundi hujuana vema, ni nani ashonaye kwa haki na ni nani aibaye uzi.

Paulo alipoondoka, walisafiri naye hata Efeso, naye akawaacha huko. Kisha akaja Apolo, msemaji hodari, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumwaibisha katika sinagogi mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamfundisha yaliyompungukia. Baadaye alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ili apokewe. Ninyi walimu wa vijijini, liangalieni sana neno hili. Ni mara ngapi mwalimu mgeni mwenye sauti nzuri huchongewa kwa mchungaji, kabla hajaambiwa kosa lake mwenyewe?

Katika Warumi mlango wa 16 Paulo ashuhudia ya kuwa watu hawa wawili walijitia katika hatari ya kufa kwa ajili yake. Jambo kama hilo halipatikani kwa zawadi ya siku moja. Yuko mtu atoaye vitu ili apate cheo, naye akikikosa huhesabu alivyotoa; huyo ni mchuuzi. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yu kifungoni, wengi wamekwisha kumwacha, naye angali akiagiza wasalimiwe Priska na Akila.