Somo la Ufundi: Beringi za Mashine ya Kusaga



Mashine ya kusaga inaposimama Terrat, mama hubeba debe lake la mahindi hadi upande wa mjini, na mfuko wa kamati haukui. Mara nyingi chanzo ni beringi. Fundi anabadili, mashine inafanya kazi wiki chache, kisha beringi inakufa tena. Hapo husemwa kuwa beringi ni feki. Feki zipo, lakini kwenye mashine iliyochomelewa ovyo hata beringi halisi haidumu.

Kwa hiyo kabla ya kununua, zimeni umeme kwenye swichi kuu, toeni mkanda, zungusheni shafti kwa mkono. Ikikaza sehemu moja na kulegea nyingine, shafti imepinda au nyumba mbili za beringi hazikukaa mstari mmoja. Legezeni bolti za nyumba, zisawazisheni kwa vipande vyembamba vya bati, ndipo mkaze. Puli mbili zipimwe kwa kamba iliyonyooshwa. Nyundo zilizolika huleta mtikisiko. Badilisheni seti nzima, na zinazokabiliana ziwe na uzito sawa.

Shafti ikiwa imelika, msikubali fundi aigongegonge kwa panchi ili beringi ibane. Itabana kwa muda mfupi tu. Ijazwe kwa kuchomelea, kisha ichongwe kwenye lethi. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia fundi. Wafadhili wakiona gharama ya lethi imezidi bei ya beringi, sababu ni hiyo.

Mhazini naye anaweza kukagua risiti. Beringi namba 6308 ina tundu la milimita 40: tarakimu mbili za mwisho, mara 5. Shafti ya 35 haivai hiyo.

Wakati wa kuvalisha kwenye shafti, gongeni duara la ndani tu, kwa kipande cha bomba. Ukigonga la nje, nguvu hupita kwenye gololi na kuacha vishimo. Beringi imekufa kabla haijasaga kilo moja. Ikikataa, ipasheni kwenye oili ya nyuzi 80 hadi 100, kamwe si kwa moto wa gesi. Grisi ijaze theluthi moja ya nafasi. Ikizidi, beringi hupata joto.

Washeni bila mahindi kwa nusu saa, mzime, mguse nyumba ya beringi. Mkono ukishindwa kutulia, rudini kwenye mstari. Tarehe, namba ya beringi na jina la fundi viandikwe kwenye daftari la mashine, ambalo tutaomba kuliona tukija kukagua mradi.