SAFARI YA UZAMILI HUANZA NA SWALI

Leo naomba nafasi niwafunze jambo ambalo mimi mwenyewe sijalifikia. Niko kidato cha tatu tu, na hesabu bado zanitoa jasho. Lakini mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na mwanafunzi wa kutwa husoma shule mbili: ya mchana darasani na ya usiku nyumbani. Katika hiyo ya usiku nimemshuhudia dada yangu akijiandaa kwa muda wa miaka miwili kwenda kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Aliondoka Septemba 2025. Niliyoyaona nimeyapanga hapa kama somo, ili atakayepita njia hiyo kesho asijikwae palipomkwaza yeye.

1. Uzamili ni nini?

Wengi wetu tukisikia mtu "anarudi chuoni" baada ya kuhitimu, twadhani alianguka mtihani. Sivyo. Shahada ya kwanza ndiyo ile ya miaka mitatu, minne au zaidi baada ya sekondari. Shahada ya pili huitwa uzamili. Ya tatu ni uzamifu, na mwenye nayo ndiye anayeitwa Daktari ingawa hatibu mtu. Mimi nikilisikia neno uzamifu hukumbuka kitenzi "zama", kama mpiga mbizi azamavyo baharini.

Dada alinieleza tofauti hivi: "Katika shahada ya kwanza, mwalimu akuuliza nawe wajibu. Katika ya pili wajifunza kuuliza. Katika ya tatu sharti ulete jibu ambalo hajalitoa mtu." Nililiandika neno hilo nyuma ya daftari langu la fasihi.

2. Oxford ni mahali gani?

Mafunzo yalikuwa yakitolewa Oxford tangu mwaka 1096. Sisi wa Mombasa tuna Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na twaiona kuwa kongwe sana. Basi ngome hiyo ilipoanza kujengwa, Oxford ilikuwa imeshasomesha kwa takriban miaka 500! Maktaba yake kuu, Bodleian, ilifunguliwa 1602, miaka sita tu baada ya ngome yetu kukamilika. Msomaji wa maktaba hiyo hutoa ahadi kwamba hataingiza wala kuwasha moto ndani yake. Nilicheka niliposikia hayo, lakini kwa vitabu vya karne nyingi, moto si mchezo.

Usitarajie lango moja kubwa lenye bawabu. Chuo kimetapakaa mjini, na kina koleji zaidi ya 30. Mwanafunzi huwa na kwao pawili: idara inayomfundisha somo lake, na koleji inayomlea. Mwaka una mihula mitatu, kila mmoja majuma manane ya mafundisho. Wa kwanza huanza Oktoba na huitwa Michaelmas. Majuma manane ni machache, ndugu msomaji. Anayefika huko akitaraji kuanza polepole atashtukia muhula umekwisha.

3. Swali kwanza, sifa za chuo baadaye

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu. Anayeomba nafasi hutakiwa kuandika maelezo ya kwa nini anaitaka kozi ile. Dada alianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo hiki mashuhuri." Alitusomea barazani, sote tukampigia makofi. Nyanya alitoa machozi.

Siku ya pili alimpelekea mhadhiri wake wa zamani. Alirudi na karatasi imejaa wino mwekundu. Mhadhiri alikuwa ameipiga mstari ile sentensi tuliyoishangilia, na kando yake ameandika: "Chuo chao wanakijua. Wewe wataka kuuliza nini?"

Dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta uani ameinama juu ya kisima cha nyanya, anaonja maji kwa kiganja. Wakazi wa pwani mwayajua maji yetu. Mvua zikinyesha, kisima huwa na maji ya kunyweka kidogo. Kaskazi ikikaza, maji huwa ya chumvi hata chai haitamaniki. Maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe, kwa kuwa ni mepesi kuliko yale ya chumvi. Mvua ikipungua na watu wakazidi kuteka, chumvi hupanda. Kinachomsumbua dada ni hiki: mtaa wenye visima vingi wawezaje kukubaliana kiasi cha kuteka, ikiwa kila mtu akiita kisima ni changu, na maji yaliyo chini ni ya wote?

Hilo ndilo likawa swali lake, na ndilo lililompeleka kwenye kozi inayohusu sayansi ya maji na usimamizi wake. Maelezo mapya yalianzia kisimani. Neno "mashuhuri" halikuwamo hata mara moja. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sifa za chuo hazimsaidii mtu asiyejua anachokitafuta. Atakuwa kama aliyeingia duka kubwa bila kujua alichotumwa.

4. Nafasi si fedha

Sasa nawaeleza jambo lililotuliza. Mara ya kwanza dada alituma maombi mwanzoni mwa 2024, akiwa amechelewa. Nafasi alipata. Nyumba nzima tulishangilia, majirani wakaja na halua. Kumbe mlango wa nafasi na mlango wa ufadhili ni milango miwili, nao haufungwi siku moja. Kwa masomo ya uzamili huko, ufadhili mwingi huwaendea waliotuma maombi kufikia makataa ya Desemba au Januari, kulingana na kozi. Dada alikuwa na barua ya kukubaliwa na hakuwa na senti ya kwendea.

Baba hakulala usiku ule. Kulipokucha alisema, "Tuuze kiwanja." Hicho ndicho kiwanja chetu cha pekee, anachotarajia kutujengea. Mama alinyamaza. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nikihesabu moyoni karo yangu itatoka wapi. Dada akasema, "Baba, usiuze. Mwaka mmoja si umri." Akaiacha ile nafasi iende. Kwa miezi mitatu hakuna aliyelitaja jina la chuo kile nyumbani kwetu.

Aliomba upya kabla ya makataa ya mwisho wa mwaka huo, safari hii akiwa na swali lililopikika vizuri zaidi, na mwaka 2025 akapata nafasi pamoja na ufadhili. Basi kumbuka: tafuta tarehe za ufadhili kwanza, kisha ndipo uhesabu siku kurudi nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mapema.

5. Karatasi na majina

Karatasi zinazohitajika ni nyingi. Kuna nakala ya matokeo ya chuo, pasipoti, na barua za wahadhiri watatu wanaokufahamu. Wahadhiri hawa waombwe miezi kabla, si usiku wa kuamkia makataa. Kisha yaja mambo ya viza. Aombaye viza ya masomo kutoka Kenya kwa kozi inayozidi miezi sita hupimwa kifua kikuu. Mwenye kujilipia huonyesha kwamba fedha zimekaa benki siku 28 mfululizo, zisiguswe hata kwa mazishi. Tena kuna ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi.

Lakini lililotaka kumkwamisha dada lilikuwa herufi moja. Cheti chake cha KCSE kina herufi "h" katika jina, pasipoti haina. Herufi hiyo ilimfanya aende kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja, na ilimpotezea majuma.

Wenzangu wa kidato cha tatu, hapa hatuzungumzii Uingereza tena. Mwaka ujao tutasajiliwa kwa mtihani wa KCSE. Orodha ikibandikwa, usitazame tu kama jina lako limo. Lisome herufi kwa herufi, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi.

6. Kuinoa akili

Baada ya kupata nafasi, nilidhani dada atapumzika na kununua makoti. Makoti alinunua mawili ya mitumba, basi. Muda mwingine wote alisoma. Alirudia takwimu, somo lililomtesa zamani. Na kila usiku alisoma makala moja, kisha akanipa mimi kazi ya kumhoji kwa maswali matatu: Mwandishi anadai nini? Ushahidi wake ni upi? Wewe wakubali wapi na wakataa wapi?

Usiku wa kwanza alikwama kwenye swali la tatu. "Mimi ni nani nimkatae profesa?" aliuliza. Nilimjibu kwa utani, "Wewe ni mwenye kisima." Alicheka, lakini tangu hapo hakukwama. Maswali hayo sasa nayatumia katika riwaya na tamthilia zetu, na mwalimu wangu wa fasihi ni shahidi wa alama zangu.

7. Mfano wa mtu wa kwetu

Asije mtu akasema haya ni ya waliozaliwa na bahati. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa 1933. Katika mtihani wake wa sekondari alipata daraja la tatu, na Makerere ikamkatalia. Akawa karani. Siku moja alitoa hotuba katika Maulidi mbele ya gavana, akavutia, na baadaye akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Alihitimu shahada ya kwanza Manchester 1960, ya uzamili Columbia, New York, 1961, na ya uzamifu Oxford 1966. Makerere ile ile iliyomkataa ndiko alikokuwa profesa. Alifariki 2014 na akazikwa kwao Mombasa. Nayapenda maisha yake kwa sababu hati ya matokeo haikuwa neno la mwisho. Alikuwa na la kusema, na fursa ilipokuja ilimkuta tayari.

Maswali ya kujipima

(a) Eleza tofauti kati ya uzamili na uzamifu.
(b) Kwa nini mtu aweza kupata nafasi chuoni na asiweze kwenda?
(c) Chunguza mtaani kwenu. Taja jambo moja ambalo kila mtu hulalamikia na hakuna aliyeuliza sababu yake. Liandike kama swali.

Swali la mwisho halina alama, lakini ndilo kubwa. Dada huniandikia kwamba huko bomba likifunguliwa maji hutoka matamu usiku na mchana. Kwetu nyanya angali akionja kisima chake kila asubuhi kabla ya kuinjika chai. Asubuhi alipokuwa akiondoka, dada alijaza chupa ndogo ya maji hayo akaitia katika sanduku. Tulimwuliza ya nini. Akasema, "Nisije nikasahau nilichotumwa."

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu