Kabla ya Plasta, Ulizia Waya wa Shawa

Wadogo zangu, leo tuzungumze kuhusu shawa ya stima. Baridi ya asubuhi ya Nyamira naijua, na raha ya kuoga maji moto bila kuwasha kuni naijua pia. Ndiyo maana kuanzia Keroka hadi Suneka, mtu akiongeza bafu kwenye nyumba ya zamani huikimbilia shawa hiyo. Lakini nyumba nyingi vijijini zilivuta stima kupitia mradi wa Last Mile, baada ya ada ya kuunganishiwa kushuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 mwaka 2015. Nyaya ziliwekwa kwa ajili ya balbu chache, televisheni na chaji ya simu. Bafu halikuwemo kwenye hesabu.

Sasa fundi anaona waya wa balbu umepita juu ya bafu, anaunganisha papo hapo. Shawa ya wati 5,500 huvuta takriban ampia 23, na waya wa balbu kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5. Unachemka ndani ya ukuta. Breka inajikata, kwa kuwa ndiyo kazi yake, naye fundi anaing'oa na kuweka kubwa zaidi. Hilo linaniudhi kuliko yote! Breka hulinda waya. Ukiikuza na waya ukabaki uleule, umemfukuza mlinzi na mwizi yumo ndani.

Shawa inataka waya wake pekee, wa milimita mraba 6, utoke kwenye kisanduku cha breka moja kwa moja, na swichi inayokata nyaya zote mbili.

Halafu kuna ethi, yaani waya wa ardhini. Shawa nyingi za aina hii, koili zake hugusana na maji unayooga. Ukihisi vidole vinawashwa unaposhika mfereji, usikubali kuambiwa uvae ndara za mpira. Zima breka, na asioge mtu hapo mpaka itengenezwe. Wapo mafundi wanaounganisha ethi na nyutro nyuma ya shawa ili kazi ionekane imekamilika. Nyutro ikikatika popote, umeme unakuja kwenye maji. Ethi ya kweli hufika kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini. Toka nje uitafute kwa macho yako.

Najua ugumu ulipo: fundi ni shemeji yako, na wewe ndiwe uliyeolewa katika boma lao. Usimwambie hajui kazi. Mwambie mumeo kwamba mnataka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, apime nyaya kabla ukuta haujafunikwa, na shemeji awepo. Akiwa fundi mzuri hatakasirika. Nyaya zikiwa bado wazi, piga picha kila ukuta kwa simu, ili siku ya kupigilia misumari ya rafu ujue zimepita wapi.