Ndugu Yako Yuko Uingereza? Jua Nani Anaweza Kudai Pesa za Serikali

Simu inalia jioni. Dadako, nesi kule Uingereza, anasema mwezi huu hataweza kutuma pesa. Mjomba anadakia: "Si huko serikali hulipa wenye watoto?" Basi leo tuliangalie swali la mjomba.

Viza ndiyo huamua

Wengi walioenda Uingereza kwa viza ya kazi au masomo wana sharti moja: hawaruhusiwi kudai fedha za umma. Hizi ni pamoja na Child Benefit, yaani posho ya watoto, na Universal Credit, msaada wa wenye kipato kidogo. Zile nafuu za kodi kwa familia zilizoitwa tax credits nazo ziliisha kabisa tarehe 5 Aprili 2025.

"Lakini si analipa kodi?" Analipa, tena kama wengine. Ila kodi peke yake haimpi haki hiyo. Akidai kinyume na sharti, anaweza kuharibu maombi yake ya viza yajayo.

Nani anaweza kudai?

• Aliyepewa ukaazi wa kudumu.
• Aliyetambuliwa rasmi kama mkimbizi.
• Mzazi ambaye ni raia, hata kama mwenzake ana viza yenye sharti. Hapa wapate ushauri wa uhamiaji kwanza.

Hata hao lazima watimize masharti mengine. Kwa Child Benefit, kwa mfano, mtoto awe anaishi huko. Aliyebaki na shosho Nyeri hahesabiwi. Na mtoto kuwa raia wa Uingereza hakuondoi sharti lililo kwenye viza ya mzazi.

Si milango yote imefungwa

Malipo ya likizo ya uzazi na ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri hayahesabiwi kama fedha za umma. Dadako akitimiza masharti ya kazi, ni haki yake. Watoto alio nao huko pia wanaweza kusoma shule za serikali bila karo.

Usiliwe pesa

Kudai Child Benefit au Universal Credit ni bure, na anayedai ni mzazi mwenyewe akiwa huko, kupitia tovuti ya serikali, GOV.UK. Kwa hivyo mtu akikupigia akitaka "ada ya usajili" ili ndugu yako alipwe, kata simu. Usitume hata shilingi. PIN yako usimpe yeyote, hata akidai anapiga kutoka kwetu.

Kabla ya kupanga karo au ujenzi ukitegemea pesa za ng'ambo, ongea na ndugu yako wazi. Muulize, "Viza yako inasemaje?" Hilo ni swali bora kuliko kumwita mchoyo. Pengine anaishi kwa mshahara peke yake, na kodi ya nyumba inamngoja mwisho wa mwezi kama wewe tu.