Video fupi za watoto wetu: nani anazitazama?



Katika nyumba nyingi hapa kambini simu ni moja, na wanaoitumia ni watano au sita. Baba akimaliza kuongea na jamaa wa Fizi, mtoto anaichukua, anacheza, anajipiga video ya nusu dakika na kuiweka TikTok. Hatuandiki haya ili kuukataza mchezo huo. Mtoto aliyeacha shule na marafiki ng'ambo ya ziwa anahitaji kucheka. Lakini mzazi ajue video hiyo inasema nini, na inamwambia nani.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 12 amekwenda Rumonge kumtembelea shangazi yake. Anacheza ufukoni. Nyuma yake inaonekana mitumbwi, madumu ya mawese na kibao chenye jina la shule. Anamtaja shangazi kwa jina na kusema atarudi kambini Jumamosi. Kwa jirani hayo si kitu. Lakini kati yetu tuliovuka Tanganyika Januari 2018, na wenzetu waliokimbia vita vya Uvira Desemba 2025, wapo wenye watu wasiotaka wajue walipo. Video moja imetaja mahali, jina na siku. Akaunti ikiwa wazi kwa wote, mgeni anaweza kuhifadhi video hiyo na kuisambaza kwa WhatsApp. Mtoto akiifuta kesho, nakala ile inabaki.

TikTok hukubali watoto kuanzia miaka 13. Tangu 2021 akaunti za wenye miaka 13 hadi 15 hufunguliwa zikiwa za faragha, na aliye chini ya 16 hawezi kuandikiana na watu faraghani. Ulinzi huo unategemea mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa. Mtoto wa miaka 11 akiandika kwamba alizaliwa 2000, anahesabiwa kuwa mtu mzima na milango yote inafunguka. Mara nyingine hata hakudanganya: anatumia akaunti ya mama yake. Muulize kwa upole aliandika mwaka gani. Kama hajafikisha 13, akaunti ifungwe.

Kwa mkubwa kidogo, kaeni pamoja na simu. Kwenye ukurasa wake bonyeza mistari mitatu iliyo juu kulia, ingia sehemu ya mipangilio, kisha faragha (kwa Kifaransa Confidentialité), uwashe akaunti binafsi. Usipoweza, mwombe yeye akuonyeshe. Mimi pia nilifundishwa na vijana wa mtaa wetu.

Jambo la zawadi lina uchungu zaidi. Katika kuonyesha moja kwa moja, jambo linaloruhusiwa kwa wenye miaka 18 na zaidi tu, watazamaji hutuma zawadi zinazogeuzwa kuwa pesa. Mwaka 2022 BBC ilichunguza kambi za watu waliohamishwa na vita nchini Syria, ambako familia zilikaa na watoto mbele ya simu kwa saa nyingi zikiomba. Waandishi walituma zawadi za dola 106 kwa majaribio; zikafika dola 33. Baada ya makato ya duka la pesa na fungu la dalali, familia ingebaki na dola 19. TikTok ilijibu kwamba fungu lake ni dogo kuliko hapo. Akija mtu hapa na simu nzuri akitaka kuwapiga watoto wako video za kuomba, kumbuka hesabu hiyo. Uso wa mtoto utabaki huko hata pesa zikiisha.

Wengine huja kwa ujumbe. Wanaahidi mega, simu, au kuingiza jina kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kisha wanaomba picha ya mtoto bila nguo. Huduma za UNHCR hazilipiwi, wala hazipatikani kwa picha.

Mtoto akikuletea ujumbe kama huo, usimpige wala usimnyang'anye simu kwa hasira. Akiona kusema ukweli kunamponza, ujumbe wa pili atauficha, na mtu yule ndicho anachokitaka. Msijibu, msilipe chochote. Acheni ujumbe na jina la akaunti kama vilivyo, msiisambaze picha ya mtoto kwa yeyote, na mje na simu kwa mhudumu wa ulinzi wa watoto wa mtaa wenu siku hiyohiyo, hata kama ni jioni.